Kabla ya Kununua Sensa Nyingine

Gari likianza kumisi kwenye foleni ya Daraja la Nyali, likatoa moshi mweusi na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, mambo hufuata mkondo unaojulikana kote kisiwani Mombasa. Mwenye gari hulipeleka gereji, mashine huchomekwa chini ya usukani, namba ya hitilafu hutokea kwenye kioo, tuseme P0107, na kabla boneti haijafungwa mtu ameshatumwa madukani kutafuta sensa. Sensa hupatikana, hufungwa, namba hufutwa, pesa hulipwa. Siku chache baadaye taa inawaka tena kwa namba ile ile, na sasa lawama hugawanywa: duka limeuza feki, fundi hajui kazi, gari lina mkosi. Hoja ya makala haya ni kwamba kosa lilifanyika mapema zaidi, pale namba ya hitilafu ilipochukuliwa kuwa jina la kipuri kilichokufa. Namba ile haimshtaki mtu mmoja. Inazungumzia saketi nzima, yaani sensa, soketi yake, nyaya zake, ethi yake na upande wa kompyuta unaoipokea ishara. Na katika kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi, wa kushukiwa kwanza katika kundi hilo ni soketi na nyaya. Sensa yenyewe ingoje zamu yake.

Ili injini ya petroli ichome vizuri, kompyuta yake lazima ijue hewa kiasi gani imeingia kwenye silinda, maana petroli hupimwa kwa kulinganishwa na hewa: takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Magari mengine huipima hewa moja kwa moja inapopita kwenye bomba la kuingilia. Mengine, na Honda nyingi zinazozunguka mjini ni miongoni mwao, hupima presha iliyomo ndani ya manifoldi, kisha kompyuta hupiga hesabu kwa kuichanganya na kasi ya injini na joto la hewa. Kupima presha ya hewa ni ujuzi wa zamani. Mtaliano Evangelista Torricelli aliuonyesha mwaka 1643 kwa mrija wa zebaki. Bosch waliuingiza kwenye magari ya kuuzwa kwa wingi mwaka 1967, kupitia Volkswagen 1600, kwa kutumia vikopo vya chuma vinavyotanuka na kusinyaa. Kilichokuja kuifanya sensa iwe kitu cha kushika kwa vidole viwili ni matokeo aliyochapisha Charles Smith wa maabara za Bell, Marekani, mwaka 1954: silikoni ikibinywa, ukinzani wake wa umeme hubadilika sana. Ndani ya sensa ya leo mna utando mwembamba wa silikoni. Upande mmoja ombwe lililozibwa, upande wa pili hewa ya manifoldi. Hewa ikisukuma, utando hupinda kidogo, na mpindo huo hugeuzwa kuwa volti. Hakuna kinachozunguka humo wala kinachosuguana. Kifaa cha namna hiyo kina sababu chache sana za kuchakaa, na jambo hilo ni ushahidi wa kwanza katika kesi hii.

Umeme wake nao hauna mafumbo. Nyaya ni tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni ethi, wa tatu unarudisha ishara. Sensa zenye kipimo cha joto ndani yake huongeza waya wa nne. Presha ikiwa ndogo, ishara huwa karibu na volti moja. Presha ikipanda, ishara hupanda kuelekea volti 4 na nusu. Kompyuta huona volti hizo tu, na kutoka hapo hukisia yaliyobaki. Ishara ikianguka karibu na sifuri, hutoa P0107. Ikipaa karibu na volti 5, hutoa P0108. Ikiwa ndani ya mipaka lakini haiendani na mwendo wa injini na ufunguzi wa mlango wa hewa, hutoa P0106. Kwenye injini za dizeli za siku hizi, zile za Toyota Hiace zinazobeba abiria zikiwemo, kuna sensa nyingine kwenye bomba la mafuta ya presha kubwa, na namba zake za chini na juu ni P0192 na P0193. Mfumo huu wa namba ulilazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia 1996, kisha ukaenea duniani. Ndani yake, chini na juu ni habari za volti, wala hazimaanishi kwamba hewa ni haba au mafuta yamezidi. Waya uliokatika, soketi iliyoingia maji, ethi iliyooza, waya wa volti 5 uliogusa bodi: kila kimoja kinaweza kuleta namba ambayo sensa iliyokufa ingeleta. Kununua sensa kwa ushahidi wa namba peke yake ni kama kubadilisha balbu wakati tokeni za stima zimekwisha.

Sasa tuitazame Mombasa yenyewe, kwa sababu hoja hii isingekuwa na nguvu hii Nakuru au Eldoret. Kisiwani hakuna mtaa ulio mbali na bahari. Kusi ikivuma huingiza mvuke wa chumvi mpaka ndani ya nyumba, na mvua kubwa ya mwaka huangukia Mei, humo humo ndani ya kusi. Wakaazi wa Mji wa Kale wanalijua hili kwenye bawaba za milango na nondo za madirisha yao. Magari yao hayana hali bora: vichochoro vya Kibokoni na Kuze vingi havipitishi gari, hivyo gari hulala nje, mahali penye nafasi, bila paa. Jioni watu huenda Laitihausi kula mihogo na kachiri huku pua ya gari ikiielekea bahari. Hakuna ubaya katika hayo; ni maisha ya mji. Ila soketi ya sensa inaishi maisha hayo hayo. Mchana injini huipasha joto, na hewa iliyo ndani ya soketi hutanuka na kutoka. Usiku injini ikipoa, hewa ile husinyaa na kuvuta ya nje, yenye unyevu na chumvi, kupitia kipete cha mpira ambacho kazi yake ilikuwa kuzuia hilo. Na kipete chenyewe ni kizee. Kanuni ya Kenya inaruhusu gari kuukuu kuingia Kilindini likiwa halijazidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo gari linaloitwa jipya hapa huwa mpira wake umeshachomwa na injini kwa miaka mingi huko Japani, kisha linatumika hapa miaka mingine kumi na zaidi. Ongeza desturi ya kuosha injini kwa bomba la presha, na ongeza matundu ambayo mafundi waliotangulia wameyatoboa kwenye nyaya kwa ncha ya taa ya kupimia. Kila tundu ni mlango wa chumvi; shaba iliyo ndani hugeuka kijani, kisha nyeusi, kisha unga.

Wengi huamini waya una hali mbili, mzima au umekatika. Katika saketi za sensa, matatizo mengi yako katikati ya hali hizo. Chukua sensa inayotumia miliampia 10. Kutu ya kijani kwenye pini ya ethi ikileta ukinzani wa ohmu 50 tu, nusu volti hupotea hapo, na ishara yote hunyanyuka. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, presha ya manifoldi huwa kama kilopaskali 30 hadi 40. Ethi ile mbovu itaiongezea ishara karibu nusu volti, na kwenye sensa nyingi hiyo ni sawa na kuongeza kilopaskali 10 za hewa ambayo haipo. Kompyuta, kwa uaminifu wake wote, inamwaga petroli ya hewa hiyo. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi itajaribu kurekebisha mpaka ifike mwisho wa uwezo wake. Gari linakunywa mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, na taa ya injini huenda isiwake kabisa, kwa sababu volti zile bado ziko ndani ya mipaka. Kutu ikihamia pini ya volti 5, picha hugeuka: sensa hupata volti 4 na nusu badala ya 5, na ishara yake hupungua kwa asilimia 10. Upungufu huo huonekana zaidi pale presha ni kubwa, yaani ufunguo ukiwa umewashwa na injini haijawaka. Katika hali zote mbili sensa ni nzima kabisa, na kila sensa mpya itakayofungwa hapo itasema uongo ule ule.

Hapa ndipo mji wenyewe unapompa fundi msaada ambao haulipiwi. Injini isipowaka, presha ndani ya manifoldi ni sawa na presha ya hewa ya nje. Usawa wa bahari, presha hiyo ni kilopaskali 101 hivi, na kisiwani haibadiliki kwa kiasi cha kumsumbua fundi, masika wala kiangazi. Kwa maneno mengine, kila gari lililoegeshwa kati ya Fort Jesus na Makupa, ufunguo ukiwashwa tu, lazima lisome karibu na 100. Likisoma 90 au 83, kuna kitu kinasema uongo, na hilo limejulikana kabla ya spana kuguswa. Nairobi, ambayo iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, usomaji sahihi ni kama 83. Namba ambayo ni afya kule ni ugonjwa huku. Fundi aliyejifunzia kazi bara akashuka pwani anapaswa kuisahau 83 yake, na mwenye gari aliyetumiwa picha ya usomaji wa gari la ndugu yake wa Nairobi asiitumie kulinganisha. Usomaji huu hauhitaji mashine ya bei. Vifaa vidogo vya bluetooth vinavyotuma takwimu kwenye simu huonyesha kilopaskali hizo hizo kwenye magari mengi.

Kuanzia hapo, upimaji una mpangilio, na mpangilio huo unastahili kuangaliwa kwa karibu. Ufunguo ukiwa umewashwa na takwimu zikiwa wazi, soketi na waya hutikiswa taratibu, kuanzia kwenye sensa kurudi nyuma kuelekea kompyuta. Usomaji ukiruka ghafla mkono ukiwa mahali fulani, mahali pale pameshajitaja. Kisha ufunguo huzimwa, soketi huchomolewa, na tochi humulikwa ndani. Kinachotafutwa ni ukijani, unga mweupe, pini iliyorudi nyuma, au pini ya kike iliyopanuka kiasi kwamba haibani tena. Baada ya hapo huja mita, na mafundi wengi hukosea hapa hapa kwa nia njema. Wanapima volti 5 kwenye soketi ikiwa imechomolewa, mita inaonyesha 5 kamili, wanahitimisha kwamba nyaya ni nzima na kuihukumu sensa. Lakini mita ya kidijitali haitumii karibu umeme wowote. Waya uliobaki uzi mmoja bado utaionyesha volti 5, kwa kuwa hakuna mzigo wa kuufichua udhaifu wake. Kipimo chenye maana huchukuliwa soketi ikiwa imechomekwa na sensa ikifanya kazi, kwa kupitisha pini nyembamba nyuma ya soketi, kando ya mpira, bila kutoboa ngozi ya waya. Hapo volti 5 ipimwe dhidi ya ethi ya sensa, wala si dhidi ya bodi. Kisha ethi hiyo ipimwe dhidi ya kichwa hasi cha betri: zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti ni dalili ya ukinzani mahali ambapo haufai kuwepo.

Kama yote hayo ni sawa, kuna jaribio moja linalomaliza ubishi. Kwa P0107, sensa huchomolewa na pini ya volti 5 huunganishwa na pini ya ishara kwa kipande cha waya chenye fyuzi ndogo, baada ya kuhakikisha kwa mita kwamba pini hizo ndizo zenyewe. Kompyuta sasa inapaswa kuona karibu volti 5, na namba igeuke kuwa P0108. Ikigeuka, basi waya wa ishara na kompyuta vimeonyesha kwamba vinafanya kazi, na sensa imebaki peke yake mbele ya hakimu. Isipogeuka, hata sensa ya kutoka kiwandani isingesaidia. Kwa P0108 jaribio hugeuzwa, ishara ikaunganishwa na ethi. Namba zikija kundi, sensa tatu nne kulalamika kwa mpigo, dhana ya kwanza iwe waya wa volti 5 unaogawanywa kati yao: moja kati ya sensa hizo, au waya wake, imegusa ethi na kuwavuta wenzake wote chini. Dawa yake ni kuzichomoa moja moja mpaka volti 5 irudi.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalosikika zaidi, ni la uzoefu: sensa hubadilishwa na magari hupona. Ni kweli, na haifai kulipuuza. Lakini tuulize kilichotendeka hasa. Ili kubadilisha sensa, fundi alichomoa soketi na kuichomeka upya, mara mbili tatu, na kila alipofanya hivyo pini zilisuguana na kukwangua utando wa kutu uliokuwa kati yake. Mguso ulirudi, gari likapona, na sifa ikaenda kwa sensa mpya. Sensa ya zamani ingerudishwa mahali pake siku ile ile, magari mengi kati ya hayo yangepona vilevile. Njia ya kuujua ukweli ni rahisi na haigharimu kitu: kabla ya kutuma mtu dukani, chomoa, safisha kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, kaza pini, chomeka, futa namba, angalia. Wala simaanishi kwamba sensa hazifi. Zinakufa. Masizi na mafuta huziba tundu lake, maji huingia ndani, na zile za dizeli hubeba presha zaidi ya bar 1,000 kila siku ya maisha yake. Sensa ya manifoldi inayoshukiwa inaweza kupimwa kwa pampu ndogo ya mkono ya kuvuta hewa, au hata kwa bomba kubwa la sindano na kipande cha mpira: hewa ikivutwa, volti zishuke kwa mpangilio bila kuruka wala kukwama. Sensa iliyoshindwa hapo inunuliwe nyingine bila majuto, kwa kuwa sasa pesa inafuata ushahidi.

Pingamizi la pili ni la pesa na muda, na lina uzito kuliko la kwanza kwa sababu linagusa riziki. Fundi wa jua kali halipwi kwa kupima. Mteja hulipia kitu anachokiona kwa macho: kipuri kipya, kasha lake, na kazi ya kukifunga. Fundi akitumia saa nzima na mita, akapata pini yenye kutu, akaisafisha, wateja wengi wataona hakufanya chochote na watataka kumpa pesa ya soda. Katika hali hiyo, kuuza sensa ni uamuzi wa mtu anayejua kuhesabu, na kumwita mwizi ni kumwonea. Lawama kubwa zaidi iko kwetu tunaoleta magari. Ni sisi tunaosema angalia tu kwanza, tukimaanisha angalia bure. Upimaji ni kazi, una ujuzi wake na vyombo vyake, na mteja anayekubali mapema kulipia saa ya kupima hata kama hakuna kitakachonunuliwa anamwondolea fundi sababu ya kubahatisha. Hesabu yenyewe iko upande wake: mita ya kawaida kwa kawaida ni rahisi kuliko sensa moja mpya, na hutumika kwa mamia ya magari.

Wapo watakaosema njia ya mkato ni kufunga sensa kuukuu iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, kama jaribio tu, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Jaribio la kubadilishana vipuri lina maana pale tu kipuri cha pili kinapojulikana kuwa kizima, kwa mfano kimetolewa sasa hivi kwenye gari la aina ile ile linalotembea vizuri. Kipuri cha rundo hakina ushuhuda huo. Kibaya zaidi, sensa mbili zinaweza kufanana umbo, soketi na matundu ya nati, lakini moja ikawa ya injini ya kawaida na nyingine ya injini yenye turbo, ambayo vipimo vyake vya volti ni tofauti kabisa. Ikifungwa, injini itawaka, na itasoma uongo mpya juu ya uongo wa zamani. Namba iliyochapishwa kwenye sensa ndiyo ya kulinganishwa, si sura yake.

Pingamizi la tatu ni kwamba mafundi wetu hawana michoro ya nyaya, na ile inayopatikana ni ya Kijapani. Kwa saketi kubwa za magari, hilo ni tatizo la kweli. Kwa sensa ya nyaya tatu, mita ndiyo mchoro: ufunguo ukiwa umewashwa na soketi imechomolewa, pini yenye volti 5 hujitambulisha, ufunguo ukizimwa, pini yenye ukinzani wa karibu sifuri kwenda kwenye kichwa hasi cha betri ni ethi, inayobaki ni ya ishara. Mji huu haujakosa pa kufundishia mambo hayo. Kule Tudor, ndani ya kisiwa hiki hiki, kipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichozaliwa kama taasisi ya MIOME ya kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, kikawa politekniki mwaka 1972 na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kozi fupi ya jioni ya kupima saketi za sensa, kwa Kiswahili, kwa fundi ambaye mchana yuko chini ya gari, ingewafikia watu ambao vyeti virefu haviwafikii. Ninaliandika hili nikilitaka litokee.

Kuna sensa moja ambayo mpangilio wote huu hugeuzwa, na mwenye gari anapaswa kuijua hata kama hajali mengine. Ni ile ya presha ya oili. Taa ya oili ikiwaka, wengi husema ni sensa tu na kuendelea na safari mpaka Mtwapa. Saketi yake inaharibika kwa chumvi kama nyingine, hivyo huenda wakawa sahihi. Lakini wakikosea, injini inajisaga ndani ya dakika chache. Hapo kwanza zima gari, pima oili kwa kijiti, kisha fundi afungue sensa na kufunga geji ya mshale mahali pake ili presha yenyewe ionekane. Nyaya zitajadiliwa baadaye.

Kosa likishapatikana, namna ya kulitengeneza ni sehemu ya kazi ile ile. Kusokota nyaya mbili na kuzizungushia tepu nyeusi, ambako bara kunaweza kuvumilika kwa muda, kisiwani ni kupanda kutu upya. Gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la injini na chumvi huingia. Maungo yalehemiwe au yabanwe kwa koleo lake, kisha yafunikwe kwa mpira wenye gundi ndani unaosinyaa ukipashwa moto. Kipete cha soketi kikiwa kimekakamaa, kibadilishwe, na pini zipakwe grisi ya umeme kidogo, ile isiyopitisha umeme, ambayo hujaza nafasi ambayo chumvi ingekaa. Waya ulazwe uning'inie kidogo chini ya kiwango cha soketi, maji yanayotiririka juu yake yadondoke kabla ya kufika kwenye pini. Mwenye gari naye adai vitu viwili mkononi: kipuri kilichotolewa, kama kipo, na karatasi yenye takwimu tatu, yaani volti 5 ilivyosoma, upotevu kwenye ethi, na kilopaskali kabla injini haijawaka. Na takwimu hizo zichukuliwe tena asubuhi ya pili mapema, gari likiwa limelala nje, kabla injini haijaikausha soketi. Kosa la unyevu lililosalia hujificha mchana injini ikiwa moto, na gari lililopimwa saa nane mchana tu bado halijapimwa.